Ghushi ya Rangi katika Picha za Machweo

Picha hizi hufanana kama sarafu. Mbingu nyekundu kama kaa la moto, jua duara kubwa, mbele yake mti mmoja wa mgunga umesimama peke yake, na chini ardhi nyeusi isiyo na mtu wala nyumba. Utaziona katika kalenda, katika kuta za hoteli, na siku hizi katika simu ya kila kijana. Mwaka 2014 Bwana Simon Stevens alikusanya majalada zaidi ya thelathini ya vitabu vinavyohusu Afrika. Vitabu mbalimbali, waandishi mbalimbali, lakini mti ni ule ule na mbingu ni ile ile!

Bonde la Rufiji nalo halikusalimika. Chukua Ngarambe, kijiji kilicho ukingoni mwa pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ngarambe si jangwa; ni nchi ya miombo na mashamba. Lakini mtengeneza picha akizidisha nyekundu na kuifuta kijani, majani hugeuka mchanga, na mtazamaji wa mbali hudhani anaonyeshwa jangwa.

Tusiidhulumu sanaa hii. Jua linapokaribia kutua, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo ifikayo machoni. Vumbi la kiangazi na moshi wa moto wa porini huongeza wekundu huo. Basi machweo makali ya mwezi wa Septemba si uongo. Tena kamera ni dhaifu kuliko jicho: ikipima mwanga wa mbingu, ardhi huzama gizani. Mwenye kuliinua giza hilo kidogo, ili picha irudi kwenye kile alichokiona, hana lawama. Ajabu ni kwamba wengi hufanya kinyume chake: huizamisha ardhi zaidi ili mbingu iwake. Muuza nafaka akiweka kavu juu na mbichi chini twamwambia amefanya ghushi. Huyu je?

Ndani ya giza hilo mna watu. Hiyo ndiyo saa ya mkulima kupanda dunguni kulinda shamba, maana nguruwe na tembo nao ndiyo wanatoka. Uso wake, kanga ya mkewe, jembe, vyote vimekuwa kivuli kimoja. Na upweke unaosifiwa katika picha hizo una historia. Kinjikitile Ngwale aligawa maji yake hapo hapo Ngarambe, na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1905. (Mwaka huo huo Mjerumani Schillings alitoa kitabu chake mashuhuri cha picha za wanyama wa koloni hili.) Vita vya Majimaji vikafuatwa na njaa iliyoua watu wengi kusini. Miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha maelfu ya watu wa upande wa Liwale, pori likapanuka. Kwa hiyo huo mti ulio peke yake ulibakizwa na bunduki, njaa na amri ya serikali.

Februari 1982 gazeti la National Geographic lilizisogeza kwa mitambo piramidi za Giza ili zienee katika jalada lake, na watu wakalalamika sana. Kusogeza jiwe ni kosa. Kuipaka mbingu rangi mpya twaita ustadi. Sioni tofauti.

Kwetu sisi rangi ya saa hiyo si pambo tu. Mwenyezi Mungu ameiapia shafaki katika Suratul Inshiqaq, na mafakihi wameichunguza kwa makini kuliko wapiga picha. Kwa Imam Shafi, wekundu ukitoweka Isha imeingia. Imam Abu Hanifa akaona kuwa shafaki ni ule weupe unaobaki baada ya wekundu. Mzee wa Rufiji aliyelelewa katika elimu hiyo huzitambua daraja zote: nyekundu, kisha waridi iliyofifia, kisha weupe mwembamba juu ya miti. Picha iliyokolezwa imezimeza zote katika chungwa moja. Mpe mzee huyo aitazame. Hataweza kukuambia kama Magharibi bado ipo au imekwisha.