Wakala Asome Majina, Asikisie Picha

Katika steshenari ya Nyasura, mjini Bunda, kijana anayemjazia mwanafunzi ombi la mkopo wa elimu ya juu wa HESLB hapimi umbali kwenye skrini. Anatafuta kisanduku chenye jina la namba ya mtihani wa kidato cha nne, anaandika, anasubiri ukurasa utulie, anabofya. Kitufe kikihamishwa upande wa pili, kazi yake haikwami. Zana za kuendeshea kivinjari, ambazo sasa hutumiwa na mawakala wa akili unde, zimechelewa kuifikia busara hiyo. Selenium, iliyoanzia ThoughtWorks, Chicago, mwaka 2004, mara nyingi ilielekezwa njia ndefu ya kupita ndani ya msimbo wa ukurasa. Msimbo ukiguswa kidogo, imepotea. Playwright ya Microsoft, ya mwaka 2020, ilikuja na subira: haibofyi mpaka kitufe kionekane, kitulie na kiwe tayari. Palipo na mtandao wa kusuasua, subira hiyo inashinda kasi.

Swali kubwa ni wakala aonyeshwe nini. Oktoba 2024 Anthropic ilitoa njia ya picha: wakala anaitazama skrini, kisha anakadiria pa kubofya. Seva ya Playwright ya kuwahudumia mawakala, ya mwaka 2025, ilitegemea mti wa ufikivu, yaani orodha ambayo kivinjari huziandalia programu za kusoma skrini zinazotumiwa na wasioona. Mstari wake ni mfupi: kitufe "Wasilisha" [e12]. Wakala anajibu "bofya e12", basi. Hii ndiyo njia ya kujengea, kwa sababu akikosea, unaona alikosea wapi. Atasema mtu kwamba vitufe vingi havina jina, vina kialama tu. Ni kweli, na hapo picha ibaki kuwa akiba. Ila kitufe kisicho na jina kimekwisha kumfungia nje asiyeona, na kukipa jina ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Wengine wanataka taasisi zifungue njia ya programu kuzungumza na programu. Ingekuwa bora, lakini mwombaji wa leo amewekewa fomu.

Pingamizi zito ni makosa. Katika jaribio la kazi za kivinjari la WebArena la 2023, wakala wa GPT-4 alimaliza asilimia 14 ya kazi, binadamu 78. Mawakala wameboreka sana tangu hapo, lakini kosa la tarakimu moja ya namba ya mtihani bado linaweza kuliharibu ombi zima. Kwa hiyo zana yenyewe, si hiari ya wakala, ndiyo ikifunge kitufe cha kuwasilisha na cha malipo: mwanafunzi ageuziwe skrini, asome jina na namba yake, abofye kwa mkono wake.