Kileo ni Nini? Juu ya Neno Moja katika Mafundisho Yetu

Katika darasa la kipaimara huko Chiungutwa tuliwataka watoto wataje vileo wanavyovijua. Wa kwanza alitaja gongo, wa pili alitaja uraka, wa tatu, binti mdogo, aliinamisha uso akasema, "Mwalimu, togwa." Tulipomwuliza sababu, akajibu ya kuwa mama yake humpa togwa kila atokapo shambani, naye amesikia ya kuwa kila kinywaji kinachochacha ni kileo, na mwenye kunywa kileo haendi Mezani pa Bwana. Hatukumcheka, maana maneno hayo aliyapata kwetu. Tangu siku ile tumeliangalia neno hili upya, na hapa twataka kulipima mbele ya wenzetu: kwanza katika Maandiko, kisha katika vinywa vya watu, na mwisho katika kazi yetu ya kufundisha.

Katika Maandiko neno lenyewe halina kosa. Biblia ya Kiswahili ya 1952 husema juu ya Yohana, mwana wa Zakaria, ya kuwa hatakunywa divai wala kileo (Luka 1:15). Katika Kiyunani neno lililoko mahali pale ni la kigeni, sikera, nalo lina asili moja na shekar la Kiebrania, ambalo hutoka katika tendo la kulewa. Basi wafasiri walipochukua neno kileo, ambalo nalo hutoka katika kulewa, walifuata njia ile ile ya Kiebrania, wala hatuna la kuwalaumu. Tena upana wake ni wa zamani. Jerome, katika waraka aliomwandikia Nepotian mwaka 394, aliweka chini ya jina hilo kinywaji cha nafaka, na cha maji ya matunda, na cha tende, na kile kitengenezwacho kwa masega ya asali yaliyopikwa. Kwa hiyo anayesema ya kuwa pombe ya asali si kileo kwa kuwa asali ni chakula kizuri, hana hoja; shahidi wetu ni wa zaidi ya miaka 1,600.

Lakini tuangalie neno hili lilitumika kwa kazi gani. Katika Luka, na katika Hesabu mlango wa 6, lahusu nadhiri. Mwenye nadhiri hujiepusha na yote, naye yafaa apewe neno moja lililo pana. Sisi twalichukua neno hilo la nadhiri, twalitumia kuwafundisha watu wasio na nadhiri namna ya kuwa na kiasi. Hapo ndipo twakosea, kwa kuwa kiasi hakifundishiki kwa neno lisilopambanua.

Sasa tuyasikilize majina ambayo watu wenyewe hutumia. Kwanza yako majina yaelezayo kitu kilichomo. Magharibi ya nchi yetu kinywaji cha asali huitwa wanzuki, na sikio lolote la Kibantu humsikia nyuki ndani ya jina hilo. Wakamba wa Kenya huiita pombe uki, neno la ukoo mmoja na nyuki wetu. Wakikuyu huita kinywaji chao cha asali muratina, kwa jina la tunda la mti ambao sisi huuita mwegea. Tunda hilo hukaushwa na kutiwa ndani ili kuleta chachu. Hapa kwetu Wayao huita nyuki njuchi, na asali huiita uchi; mgeni kutoka pwani akiambiwa ya kuwa mzee fulani ameleta uchi, na astaajabu, lakini asikimbilie kumhukumu.

Pili yako majina yaelezayo hali. Watu wa pwani husema tembo tamu na tembo kali, nao hujua ya kuwa ni kinywaji kimoja katika siku mbalimbali. Tatu yako majina yaelezayo namna ya kutengeneza. Moshi ni kinywaji kilichopikwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Hata sheria ya Tanzania iliyowekwa mwaka 1966 juu ya kupika kinywaji hicho ililichukua jina hilo la watu na kuiitwa Sheria ya Moshi. Mwisho yako majina yasiyoeleza kitu ila pigo au bei. Gongo ni fimbo nene. Kumi kumi ya Nairobi ilipewa jina kwa bei yake. Na mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa huko kwa kuinywa, kwa kuwa ilikuwa imetiwa methanoli. Jina halikumwambia mnywaji lolote juu ya kilichokuwamo ndani ya kikombe.

Twaona basi ya kuwa majina ya namna ya kwanza na ya pili na ya tatu humfundisha mtu jambo, nayo ya mwisho humficha. Na neno letu kileo, likitumiwa kijijini, limo katika fungu hilo la mwisho, kwa sababu laeleza pigo tu. Halisemi kilichomo, wala siku, wala namna.

Tuchukue asali yenyewe kuwa mfano. Asali iliyoiva ina maji machache, chini ya sehemu 20 katika 100, na kwa hiyo chachu haiwezi kufanya kazi ndani yake. Yaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Mtu akiitia maji, vipimo vitatu au vinne kwa kipimo kimoja cha asali, chachu huamka. Siku ya kwanza ni maji matamu tu. Baada ya siku chache yana povu na ukali kidogo. Yakiachwa mpaka chachu imalize kazi yake, huweza kupita bia kwa ukali mara mbili na zaidi. Hali kadhalika uraka wa mabibo: maji yakikamuliwa asubuhi, mtoto huyanywa, yakilala, ni kitu kingine, yakipikwa na mvuke kukusanywa, ni gongo. Mkorosho ni mmoja, na vinywaji ni vitatu.

Wala si watu wa vijijini tu walioona haja ya kupambanua. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaotengeneza kinywaji cha asali uani mwao kwa kujifurahisha, wasiuze. Nao wana jina moja kwa asali na maji matupu, jina jingine ikitiwa matunda, na jingine ikitiwa viungo. Huandika siku ya kuanza, hupima utamu kabla ya chachu na baada yake, na kwa hesabu hiyo hujua ukali. Hatuwasifu kwa kunywa kwao. Twasema tu ya kuwa mtu ajuaye alicho nacho huweza kuulizwa juu yake, na huweza kujibu.

Tutaje na kosa letu. Katika mtaa mmoja, ambao hatuutaji, mzee mfuga nyuki alishtakiwa mbele ya baraza la kanisa kwa kutengeneza kileo cha asali. Sisi tulikuwa mwandishi wa baraza. Alizuiwa Ushirika kwa miezi mitatu, naye alikubali bila kelele. Baadaye tulikwenda kumwamkia, tukaketi chini ya mwembe wake, tukamwuliza habari ya kinywaji kile. Alikuwa amekamua masega, akayaosha kwa maji, akawagawia wajukuu siku ile ile. Tulipomwuliza mbona hakusema, alijibu kwa upole, "Mwalimu, mliniuliza kama ni cha asali, nikasema ndiyo. Hamkuniuliza kilikaa siku ngapi." Na katika majuma yale yale, nyumba si mbali na kanisa iliuza gongo kwa jina la dawa ya kifua, wala hapana aliyeitwa barazani. Neno letu pana lilimkamata asiye na hatia, likampita mwenye nayo.

Wako ndugu watakaotupinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema ya kuwa kupambanua ni kumfungulia mlevi mlango, kwa maana mchovya asali hachovyi mara moja. Aanzaye na maji matamu leo atasubiri siku tatu kesho. Ni kweli, tumewaona watu wa namna hiyo. Lakini tazama, hata hoja hiyo yahesabu siku. Kama hatari imo katika siku ya tatu, basi yatupasa kuitaja siku ya tatu, ili mama aijue na mtoto aijue. Tukiitia siku ya kwanza hatiani pamoja nayo, mtu akiisha kuona ya kuwa siku ya kwanza haikumdhuru, hatatuamini juu ya zile zilizobaki. Na yule binti wa Chiungutwa, akiungama togwa, ataungama nini siku atakapokosa kweli?

Tunao mfano wa kuufuata katika nchi hii hii. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 mpaka 1944, alipokutana na jando hakulikataa lote kwa neno moja, wala hakulipokea lote. Alitaka kujua kila jambo na maana yake, ndipo akachagua. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko hii ya vinywaji. Sisi twaombwa kidogo tu: tuulize kabla ya kuhukumu.

Basi katika masomo yetu tumeacha kuwaamuru watoto wakariri orodha ya vileo. Mahali pake tumeweka maswali matatu: Kimetengenezwa kwa kitu gani? Kimekaa siku ngapi? Kimepikwa mvuke ukakusanywa, au sivyo? Neno kileo tumeliacha mahali pake, yaani katika Maandiko na katika nadhiri ya mtu aliyechagua kujiepusha na yote, naye twamheshimu. Mzee yule tulimwomba radhi mbele ya baraza lile lile, na kosa likaandikwa katika daftari kuwa ni letu.

Tungefurahi walimu wa Newala, na wa Tunduru, na wa kwingineko wakituandikia majina ya vinywaji vya kwao, pamoja na siku zake na namna ya kuvitengeneza, ili tuyakusanye kwa faida ya wote.