Nusu Iliyo Udongoni

Antena ya wima ya kujitengenezea haina la kumvutia mpita njia. Ni waya mmoja wa shaba, pengine uliotolewa kwenye mota iliyoungua, umefungwa kwenye mti mkavu wa mukima na kusimamishwa nyuma ya nyumba. Jirani hudhani ni kinga ya radi, au kamba ya nguo iliyokosa mti wa pili. Kumbe mwenyewe ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, jina lake hewani linaanza na 5Z4, na jioni huongea kwa redio na watu ambao hatawaona maisha yake yote.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Gawa 300 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita, kisha chukua robo yake. Kwa megahezi 14.2 robo hiyo ni mita 5.3 hivi, ingawa kwa kawaida antena hutulia karibu na mita 5. Kwa hiyo fundi hukata waya mrefu, hupima, halafu hupunguza ncha kwa upana wa kidole. Mwenye haraka huishia dukani kununua waya mwingine.

Lakini waya huo wa juu ni nusu ya antena. Nusu ya pili iko chini, na hapo ndipo ufundi ulipo. Umeme unaopanda wayani unahitaji njia ya kurudi. Udongo mwekundu wa Meru na Embu, uliotokana na volkeno ya Mlima Kenya, hustawisha kahawa na chai vizuri sana, ila kwa kupitisha umeme si lolote mbele ya shaba. Ndiyo maana nyaya za ardhini, radiali, hutandazwa kutoka shinani kwenda kila upande, katikati ya mistari ya kahawa, zikingojea jembe la palizi lizikate.

Kuna kioja kinachowapoteza wengi. Antena ya robo wimbi yenye ardhi nzuri ina ukinzani wa omu 36 hivi, ilhali redio na kebo yake hutaka 50. Ardhi mbovu ikiongeza omu 14 za hasara, jumla inakuwa 50 kamili. Sindano ya kupima mawimbi yanayorudi inatulia pale inapotakiwa, yaani 1 kwa 1, na mwenye antena anashangilia, huku zaidi ya robo ya nguvu yake ikipasha udongo joto. Akiongeza radiali, kipimo kinapanda hadi karibu 1.4. Asiyejua huzing'oa. Anayejua huziacha, kwa kuwa sasa nguvu inaenda hewani. Ningempima fundi yeyote kwa jambo hili kabla ya kumwuliza amesomea wapi.

Kutafuta hitilafu nako kuna adabu yake: kwanza uliza ilianza lini. Ikija na upepo, kuna kiungo kilicholegea. Mtu mmoja akitikise taratibu huku mwingine akiitazama sindano. Ikija baada ya palizi, jibu unalo. Ikija na mvua za Oktoba na kubaki hata jua likiwaka, fungua mwisho wa kebo. Chambua ganda la nje, utaona wavu wa shaba uliopaswa kung'aa umegeuka mweusi, na ukiukwangua kwa ukucha unaacha unga wa kijani. Maji yaliingia shinani na kunyonywa ndani. Kipande hicho hakisafishwi, hukatwa mpaka ufikie shaba nyekundu, kisha kiungo kipya hulehemiwa na kufungwa kwa mpira, mdomo wake ukitazama chini.

Hata ikiwa nzima, antena hii ina tabia yake. Hutuma nguvu chini, kuelekea upeo wa macho, na juu ya utosi wake haitumi kitu. Kaskazini mwa Embu kuna Mlima Kenya wa mita 5,199, mashariki nchi inashuka kuelekea Mto Tana. Basi mtu wa Embu anaweza kumsikia mtu wa India vizuri kabisa, na Nairobi, iliyo mwendo wa kilomita kama 120, asiisikie. Mwenye haja na Nairobi alaze waya mrefu zaidi, karibu na paa, atumie bendi ya mita 40 mchana. Mimi sisumbuki. Wa Nairobi nina namba zao za simu.