Sauti na Karatasi: Nafasi ya Fanani katika Nyimbo Mbili za Willie Mae Thornton

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imekuwa ada kumtenga mtunzi na fanani. Mtunzi huaminika kuwa ndiye chimbuko la maneno. Fanani huaminika kuwa ndiye anayeyapa maneno hayo sauti, ishara na pumzi mbele ya hadhira. Utengano huu una manufaa yake darasani, kwani humwezesha mwanafunzi kupambanua matini na uwasilishaji. Hata hivyo, ni rahisi kusahau kwamba nje ya darasa utengano huo huo ndio unaoamua nani atalipwa na nani atatoka mikono mitupu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kurejelea sanaa ya Willie Mae Thornton (1926-1984), mwimbaji wa bluzi na mpigaji wa harmonika, yaani kinanda cha mdomo, kutoka jimbo la Alabama nchini Marekani. Ulimwengu ulimjua zaidi kwa lakabu ya Big Mama. Wengi walioandika kumhusu wamemsawiri kama mwanamke aliyeibiwa wimbo. Usawiri huo una huruma na una chembe ya ukweli. Lakini inadaiwa hapa kwamba unampunja fanani mara ya pili, kwa kuwa unaendelea kumpima kwa kipimo cha karatasi, kipimo kile kile kilichomnyima haki yake hapo awali.

Malezi ya Fanani

Baba yake Thornton alikuwa mhubiri na mama yake aliimba kanisani. Mama huyo alifariki binti akiwa na umri wa miaka 14 hivi, na muda si muda binti akajiunga na kikundi cha wasanii wa kuzunguka kilichoitwa Hot Harlem Revue, kilichoongozwa na Sammy Green. Alikaa humo hadi mwaka 1948, alipohamia Houston, Texas. Katika miaka hiyo ya kuhama mji hadi mji ndipo alipoupata umilisi wake. Thornton mwenyewe alisisitiza maishani mwake kwamba hakuna aliyemfundisha: kuimba, kupiga harmonika na kupiga ngoma alijifunza kwa kuwatazama wengine.

Hayo ndiyo mafunzo ya fanani popote pale. Anajifunza kwa jicho na sikio, anajaribu mbele ya hadhira, na hadhira ndiyo inayomsahihisha. Hakuna cheti kinachotolewa wala daftari linaloachwa. Kwa hiyo mwaka 1951, alipotia saini mkataba na kampuni ya Peacock ya Don Robey mjini Houston, Thornton aliingia katika biashara iliyojengwa juu ya karatasi akiwa na mtaji ambao karatasi haikuweza kuurekodi. Ifahamike kwamba Robey naye alikuwa Mmarekani Mweusi. Suala hili, basi, halimaliziki kwa kugawa watu kwa rangi zao, ingawa rangi ina nafasi kubwa ndani yake.

Wimbo wa Kwanza: Karatasi Iliyosafiri

Tarehe 13 Agosti 1952, mjini Los Angeles, Thornton alirekodi wimbo "Hound Dog" akisindikizwa na bendi ya Johnny Otis. Watunzi wake walikuwa vijana wawili wa Kizungu wenye umri wa miaka 19, Jerry Leiber na Mike Stoller. Mwaka 1953 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki 7 katika chati ya jarida la Billboard iliyotengewa muziki wa watu Weusi. Kwa kauli yake mwenyewe, alichopata Thornton ni hundi moja ya dola 500. Mwaka 1956 Elvis Presley aliurekodi wimbo uo huo, na mauzo yake yakaufunika kabisa ule wa awali.

Hapa ndipo hoja ya wizi huanzia, na hapa ndipo inapohitaji kuchunguzwa. Thornton hakuyatunga maneno ya wimbo huu. Aidha, Presley hakuufuata uimbaji wake. Aliufuata wimbo kama ulivyokuwa ukiimbwa na kikundi cha Freddie Bell and the Bellboys, ambacho kilikuwa kimekwisha kuyabadilisha maneno. Katika rekodi ya mwaka 1952 msemaji ni mwanamke anayemfukuza mlangoni mwanamume wa kulelewa, mtu aliyezoea kula asichokitolea jasho. Mbwa ni sitiari tu. Katika toleo la Bell na Presley mwanamke huyo ametoweka, na sitiari imeporomoka. Mbwa amebaki kuwa mbwa.

Ni nini basi kilichomo katika rekodi ya Thornton ambacho hakimo katika matini? Kwanza ni ukwaruzo wa sauti, ambao hugeuza lawama kuwa amri. Pili ni mazungumzo yake na gita la Pete Lewis: gita linapochukua nafasi yake, Thornton hanyamazi, bali anaendelea kulihimiza na kulichokoza kama mtu anayesemezana na mwenziwe. Tatu ni mwisho wa wimbo, ambapo wanabendi wanabweka na kulia kama mbwa, kiasi kwamba bendi nzima ya wanaume inageuka kuwa mhusika anayefukuzwa. Mambo hayo matatu ni utunzi, na ni utunzi wa papo kwa papo. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi ya watunzi.

Sheria ya wakati huo haikuwa na jicho la kuyaona. Nchini Marekani, sheria ya hakimiliki ya serikali kuu haikuzilinda rekodi za sauti hadi mwaka 1972. Iliyolindwa ni tungo, yaani maneno na muziki ulioandikwa. Kwa hiyo mwaka 1953, Rufus Thomas alipotoa wimbo wa kuujibu ule wa Thornton, kesi iliyofuata ilihusu haki za mwenye tungo, na sauti ya mwimbaji haikuwa na kiti mahakamani. Ukweli mchungu ni kwamba kilichosafiri kutoka kwa Thornton hadi kwa Presley kilikuwa karatasi. Sauti ilibaki Houston.

Kusema hivi si kumtetea yeyote. Ni kuuweka uonevu mahali pake. Thornton hakunyang'anywa maneno, kwani hayakuwa yake. Alichonyimwa ni kutambuliwa kwamba alichokifanya juu ya maneno hayo kilikuwa kazi ya utunzi.

Fasihi andishi nayo imelishughulikia jambo hili. Hadithi fupi ya Alice Walker iitwayo "Nineteen Fifty-Five", iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 1981, inamhusu mwimbaji Mweusi, Gracie Mae Still, na kijana wa Kizungu, Traynor, anayeununua wimbo wake na kupata utajiri mkubwa. Wasomaji wengi wamewatambua humo Thornton na Presley. Walker anaona mbali pale anapomfanya Traynor arudi tena na tena kwa Gracie Mae, na zawadi mikononi, akitaka kujua maana ya wimbo anaouimba kila siku. Ameununua wimbo, lakini maana haikuwa miongoni mwa vitu vilivyouzwa. Hata hivyo, kwa kuujenga mgogoro juu ya kuuziana, hadithi hiyo inaelekea kuuweka wimbo katika umbo la mali inayohama mkono kwa mkono. Maisha ya Thornton yalikuwa na utata zaidi ya huo, kama wimbo wa pili unavyoonyesha.

Wimbo wa Pili: Sauti Iliyosafiri

Lau tatizo la Thornton lingekuwa tu kwamba hakuwa mtunzi, basi "Ball and Chain" ungelitatua. Wimbo huu aliutunga mwenyewe. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kampuni ndogo ya Bay-Tone huko California, alikokuwa amehamia. Kampuni hiyo haikuitoa rekodi, lakini ilibaki na hakimiliki.

Miaka michache baadaye Janis Joplin na wenzake wa kikundi cha Big Brother and the Holding Company walimsikia Thornton akiuimba ukumbini mjini San Francisco, wakamwomba ruhusa, naye akawapa. Walipunguza mwendo wake na kuubadilisha kutoka funguo ya furaha hadi funguo ya huzuni. Uimbaji wa Joplin katika tamasha la Monterey mwaka 1967 ulimpa sifa kubwa, na mwaka 1968 wimbo ukatoka katika albamu yao Cheap Thrills. Joplin hakuficha alikoutoa. Alimtaja Thornton waziwazi. Lakini mrabaha wa utunzi uliifuata hakimiliki, na hakimiliki haikuwa mikononi mwa mtunzi.

Mambo yamepinduka hapa. Safari hii iliyosafiri ni sauti: fanani mmoja alimsikia mwingine ana kwa ana, akajifunza, akaongeza lake, akamtaja mwalimu wake. Kwa mizani ya fasihi simulizi huu ni urithishaji halali kabisa. Iliyobaki nyuma ni karatasi, nayo ilibaki kwa asiyeimba wala kutunga. Katika wimbo wa kwanza Thornton alikosa kwa sababu alikuwa fanani tu. Katika wa pili alikuwa fanani na mtunzi, akakosa vilevile. Itadhihirika basi kwamba kumpandisha cheo kutoka "fanani" hadi "mtunzi", kama watetezi wake wapendavyo, hakutoshi kumponya.

Harmonika kama Mwitikio

Sehemu ya sanaa ya Thornton ambayo haikuwahi kupata karatasi yoyote ni harmonika yake, na uhakiki umeipuuza mno. Rekodi ya mwaka 1952 haina ala hiyo. Inasikika vyema katika kazi za baadaye, hususan baada ya ziara ya Ulaya ya mwaka 1965 pamoja na American Folk Blues Festival, ambapo alirekodi mjini London akishirikiana na bendi ya Buddy Guy kwa ajili ya kampuni ya Arhoolie.

Mpigaji wa bluzi kwa kawaida huchagua harmonika isiyolingana na funguo ya wimbo. Wimbo wa funguo ya G, kwa mfano, hupigwa kwa harmonika ya C. Matokeo yake ni kwamba noti zenye uzito hupatikana kwa kuvuta pumzi ndani, na noti hizo za kuvuta ndizo zinazoweza kupindwa kwa kubadilisha umbo la kinywa na koo, hata zikaangukia katikati ya funguo mbili za piano. Kuimba ni kutoa pumzi. Harmonika ya bluzi kwa sehemu kubwa ni kuivuta. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Thornton anapomaliza mshororo na kuipeleka ala mdomoni, pumzi iliyotoka kama neno inarudi kama mlio.

Jambo hili lina maana ya kifasihi. Bluzi, kama nyimbo nyingi zenye asili ya Kiafrika, hujengwa juu ya mwito na mwitikio. Katika bendi za bluzi mwito wa mwimbaji wa kike kwa kawaida uliitikiwa na ala iliyo mikononi mwa mwanamume, kama gita la Lewis lilivyofanya mwaka 1952. Harmonika hasa ilikuwa uwanja wa wanaume. Majina yaliyotamba ni Little Walter, Sonny Boy Williamson, James Cotton na Walter Horton. Kwa kuishika mwenyewe, Thornton alitwaa nafasi zote mbili. Analalamika, kisha anajijibu. Hangojei wa kumtuliza wala wa kumuunga mkono. Lakabu ya Big Mama, ambayo wenye kumbi waliitumia kuuza umbo lake kubwa, haikudokeza lolote kuhusu uwezo huu. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa makubwa: alijua mahali hasa ambapo neno linakoma na mlio unapaswa kuanza.

Hitimisho

Thornton alifariki tarehe 25 Julai 1984 katika nyumba ya wapangaji mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 57. Mwaka 2024, miaka 40 baada ya kifo chake, aliingizwa katika jumba la heshima la wasanii wa roki la Marekani, katika kundi la wale waliowaathiri wengine. Heshima hiyo ni stahiki, ingawa hata jina la kundi hilo linamtambua kwa yale waliyoyafanya wengine.

Ingekuwa faraja nyepesi kuhitimisha kwamba sauti na harmonika yake vilibaki vyake kwa kuwa havikuweza kuandikwa. Ni kweli havikuibika, lakini ni kwa sababu hiyo hiyo havikulipika. Wahakiki wa fasihi simulizi wanaosifu uhai wa utendaji dhidi ya ukavu wa maandishi hawana budi kuikabili gharama hiyo, ambayo wao hawailipi.

Katika Afrika Mashariki suala hili si geni. Siti binti Saad, aliyerekodi sahani za santuri Bombay kuanzia mwaka 1928, alibahatika kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert, na kwa hiyo jina lake halitengani na sauti yake. Mafanani wengi hawakupata mwandishi wa namna hiyo. Tungo zao zimo katika tasnifu na mikusanyiko chini ya anwani "wimbo wa jadi", na jina lililo kwenye jalada ni la aliyeshika kinasasauti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua haki ya jamii. Lakini jamii haina koo. Aliyeimba siku ile, akapinda neno pale, akanyamaza hapa ili ala ijibu, ni mtu mmoja mwenye jina. Kuliandika jina hilo, pamoja na alichokiongeza mwenyewe juu ya maneno aliyoyapokea, ni wajibu wa kwanza wa mtafiti. Kumwita fanani bila kufanya hivyo ni kumlipa hundi ya dola 500.