Willem Kalf na Suala la Fani na Maudhui katika Picha za Vitu Tuli

Mwanafunzi wa fasihi anayeikabili picha ya Willem Kalf kwa mara ya kwanza hujikuta amepungukiwa na zana. Amezoea kuuliza: dhamira ni ipi, wahusika ni akina nani, msanii ana ujumbe gani kwa jamii? Mbele yake hamna mhusika wala tukio. Pana zulia lililokunjamana juu ya meza, bakuli la kauri, bilauri ya divai na limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo si wa picha bali ni wa maswali yenyewe. Katika kazi za Kalf maudhui hayakufichwa nyuma ya fani yakingoja kufichuliwa. Yamo katika jinsi mwanga na giza vilivyogawanywa.

Kalf alizaliwa Rotterdam mwaka 1619, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa. Mapema katika miaka ya 1640 alikwenda Paris, akakaa huko miaka kadhaa. Picha zake nyingi za wakati huo ni ndogo, nazo huonyesha majiko na mabanda ya wakulima: masufuria, mapipa na mboga zilizotapakaa sakafuni, na mara nyingine mtu mmoja au wawili wasioonekana vizuri kule nyuma, kivulini. Mwaka 1651 alimwoa Cornelia Pluvier mjini Hoorn, mwanamke msomi aliyesifika kwa hati zake za mapambo, na kufikia 1653 walikuwa wamehamia Amsterdam. Huko ndiko alikochora kazi zilizompa jina, akawa pia mchuuzi wa kazi za sanaa, na ndiko alikofia mwaka 1693.

Kazi hizo za Amsterdam ni za mkondo ambao Waholanzi huuita *pronkstilleven*. Neno *stilleven* hutaja picha ya vitu vilivyotulia. *Pronk* ni fahari, kujionyesha. Mfano bora umo katika Jumba la Taifa la Picha jijini London, nao unakadiriwa kuchorwa mwaka 1653 hivi. Kambakoche mwekundu amelala kwenye sahani ya fedha. Kando yake pana zulia la Mashariki, limau, bilauri, na pembe ya nyati ya kunywea iliyowekewa mapambo ya fedha. Pembe hiyo si ya kubuni. Ilitengenezwa mwaka 1565 kwa chama cha wapiga mishale cha Mtakatifu Sebastiano cha Amsterdam, nayo imehifadhiwa mjini humo hadi leo.

Wahakiki wamegawanyika kuhusu namna ya kusoma picha za aina hii. Eddy de Jongh, ambaye mawazo yake yalienezwa na maonyesho ya Amsterdam ya mwaka 1976, aliisoma sanaa ya Kiholanzi ya karne ya 17 kwa msaada wa vitabu vya mafumbo na methali vya zama hizo: kitu kilichochorwa huweza kubeba fundisho. Svetlana Alpers (1983) alipinga, akidai kwamba utamaduni ule ulithamini kuona na kueleza ulimwengu, na kwamba kuisaka maana nyuma ya picha ni kuipuuza picha yenyewe. Msomaji wa uhakiki wa Kiswahili atautambua mvutano huu. Ni jamaa ya ule wetu kati ya wanaoanza na maudhui na wanaoanza na fani.

Kwa Kalf, kila upande unaotumiwa peke yake hutuachia pengo. Tukisema limau ni ishara ya uchungu ulio ndani ya kitu kizuri, tumepata mahubiri ambayo yangepatikana bila picha. Tukisema limau ni limau tu, hatuwezi kueleza kwa nini ndilo linalong'aa kuliko vyote huku nusu ya meza ikiwa imemezwa na giza. Giza hili ni uamuzi wa msanii. Watangulizi wake wa Haarlem, Pieter Claesz na Willem Heda, walipendelea mandhari ya kijivu na kahawia iliyotawanya mwanga kwa utulivu. Kalf aliizamisha mandhari katika weusi, akauacha mwanga uguse sehemu chache: ukingo wa bilauri, ubavu wa bakuli, maji ya limau. Vitu havijakaa katika chumba. Vinatokeza gizani, na pembezoni vinaanza kurudi humo. Hakuna fuvu wala mshumaa uliozimika, lakini kupita kwa vitu kumekwisha kusemwa, tena kwa rangi ileile inayovisifu.

Ulinganisho na *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unafaa hapa, kwa kuwa kauri ni ushahidi katika kazi zote mbili. Mshairi wa Pate anaonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa ya vyombo vya kauri, ambayo sasa yamekuwa viota vya ndege. Anasimama baada ya anguko na kuusemesha moyo wake waziwazi. Kalf anasimama kabla ya anguko, wala hasemi na mtu. Bakuli bado ni zima, divai bado imo kwenye bilauri. Ushairi wa Pate una sauti ya mwonyaji. Picha ya Amsterdam inamwachia mtazamaji kazi ya kujionya, na inajua kwamba huenda asijionye.

Hata hivyo, giza la Kalf lina kazi ya pili, nayo haikwepeki. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India (VOC) iliundwa mwaka 1602. Mwaka uliofuata Waholanzi waliiteka merikebu ya Wareno, *Santa Catarina*, karibu na Singapore, na shehena yake, ikiwamo kauri nyingi, ikapigwa mnada Amsterdam. Baada ya utawala wa Ming kuanguka mwaka 1644, machafuko ya China yalivuruga biashara hiyo. Bakuli la Kichina analolichora Kalf mwaka 1662, katika picha iliyoko Madrid, lina historia ndefu ya mikono: ya mfinyanzi, ya hamali, ya baharia. Hakuna hata mmoja wao anayeonekana. Katika picha za Paris mtu alikuwamo kivulini; Amsterdam kivuli kimebaki, mtu ameondoka. Mwanga unaangukia kitu kilichokamilika na kununuliwa, na njia iliyokileta imeachwa gizani.

Mwaka 1797 Goethe, akiisifu picha moja ya Kalf, aliandika kwamba lau angepewa hiari kati ya vyombo vya dhahabu na picha ile, angechagua picha. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini inathibitisha pia kwamba picha imefaulu kugeuka kuwa mali inayoshinda mali iliyoionyesha. Onyo dhidi ya anasa nalo limekuwa anasa, limetundikwa ukutani.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba Kalf anaonya na kuficha kwa tendo moja la brashi, na mambo hayo mawili hayatenganishiki. Mhakiki anayeorodhesha dhamira kwanza, kisha akaongeza mbinu za kisanaa kama kiambatisho, ataliona onyo na kuukosa ufichaji, kwa maana ufichaji haumo katika orodha ya vitu vilivyochorwa. Mazoea hayo ya kuorodhesha bado yanatawala tahakiki nyingi zinazoandikwa na wanafunzi wetu. Picha isiyo na mhusika wala kisa inaweza kuwafundisha wauulize utendi au riwaya swali jingine: mwanga wa kazi hii umeelekezwa wapi, na ni nani aliyeachwa nje yake?