Kijembe cha Thelma Ritter

Nilipoanza kutazama filamu za zamani za Kimarekani, niliwatazama wale ambao majina yao yaliandikwa kwa herufi kubwa. Wengine niliwahesabu kama viti na meza: lazima wawepo, lakini hakuna anayenunua tiketi kwa ajili yao. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye uso wa kawaida na sauti ya mikwaruzo ya Brooklyn, ndiye aliyenitoa katika ujinga huo. Jina lake ni Thelma Ritter.

Alizaliwa mwaka 1902, akafa mwaka 1969. Alikuwa ameigiza jukwaani na redioni, akaolewa, akalea watoto wawili, kabla sinema haijamjua. Mwaka 1947, akiwa na miaka 45, alionekana kwa dakika chache katika Miracle on 34th Street. Alikuwa mama aliyechoka kutafuta zawadi ya mwanawe madukani. Hata jina lake halikuandikwa. Lakini baada ya hapo milango ilifunguka, na kati ya mwaka 1950 na 1962 alipendekezwa mara sita kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuipata hata mara moja.

Kazi yake ilikuwa kurusha vijembe. Alikuwa mtumishi, muuguzi au mama mkwe, na kila bwana au bibi aliyejiona mkubwa alipata dozi yake. Sisi kijembe twakijua: kwa kawaida hurushwa kwa mafumbo, kwa upande, aliyelengwa asipate pa kushika. Cha Ritter hakikupita pembeni. Alimtazama mtu usoni akamwambia, bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ndiyo maana hachoshi. Wachekeshaji wengi husimama kidogo baada ya mzaha ili tucheke. Yeye huendelea na kazi yake, akitandika kitanda au akikanda mgongo wa mgonjwa.

Tazama Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Stella, muuguzi, anamkuta James Stewart amevunjika mguu, anachungulia majirani dirishani, naye anamkemea kwa uchunguzi huo. Twadhani yeye ndiye dhamiri ya filamu. Lakini haupiti muda mrefu, naye yuko dirishani, akieleza mambo ya damu na maiti huku mgonjwa akijaribu kula kifungua kinywa chake. Twacheka, halafu twashtuka: ikiwa Stella mwenye busara amenaswa, je, sisi tuliokaa gizani tukichungulia pamoja nao?

Hata hivyo sitaki kumsifu tu. Lipo jambo linaloniuma, nalo limo katika filamu yake inayosifiwa kuliko zote, All About Eve ya mwaka 1950, iliyoandikwa na kuongozwa na Joseph L. Mankiewicz. Humo yeye ni Birdie, mtumishi wa mwigizaji mashuhuri Margo Channing, anayechezwa na Bette Davis. Msichana Eve anapokuja na hadithi yake ya majonzi, wote wanalainika. Birdie anatupa mzaha, anakaripiwa na bibi yake, anaomba radhi. Baadaye ni yeye anayemwonya Margo kwamba msichana yule anamsoma kama mtu asomavyo kitabu, jinsi anavyotembea na anavyozungumza. Amesema kweli kabla ya mabwana wote wenye elimu. Na filamu inamfanyia nini? Inamsahau. Nusu ya pili inaendelea bila yeye, Margo anasalitiwa na kupatana na rafiki zake, na hakuna anayerudi jikoni kumwambia Birdie kwamba alikuwa sahihi.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mhusika mdogo ndiyo hiyo: aseme lake, aondoke. Mimi nilikubali hoja hiyo kwa miaka mingi. Siku hizi naiona kuwa ni kasoro ya filamu iliyo bora, na ni kasoro inayotufunua sisi watazamaji, kwa sababu mara ya kwanza sikugundua kwamba ameondoka. Nilikwisha kumcheka, sikuwa na haja naye tena.

Aliyelipa deni hilo ni Samuel Fuller, katika Pickup on South Street ya mwaka 1953. Ritter ni Moe, mwanamke mzee anayeuza tai barabarani na kuwauzia polisi habari za wezi. Anapatana bei kwa utani, nasi twacheka. Fedha hizo anaziweka kwa ajili ya maziko yake, asije akafukiwa katika makaburi ya maskini. Usiku mmoja anarudi chumbani mwake amechoka, anamkuta muuaji anayetaka habari moja tu. Yeye aliyeuza kila kitu anakataa kuuza hii. Anazungumza taratibu, santuri ikilia, na ulimi ni ule ule, ila sasa tunausikia uchovu uliokuwa chini yake tangu mwanzo. Kamera inageuka pembeni, risasi inalia.

Baada ya kuona hapo nilirudi kuwatazama Birdie na Stella, nikasikia uchovu ule ule katika vichekesho vyao. Haukuwekwa na Fuller. Yeye alikaa tu akausikiliza. Mwaka ule pia tuzo ilikwenda kwa mwingine. Moe angalau alizikwa vizuri: yule mwizi aliyekataa kumuuza ndiye aliyekwenda kulidai jeneza lake.