Sifa za Kisu Kilicholika

Mama mboga wa Eastlands, Nairobi, hakati sukuma wiki juu ya ubao. Hulikunja fungu zima ndani ya kiganja cha kushoto, akayabana majani mpaka yashikamane, kisha kisu kikaanza kupita mbele ya kidole gumba, upesi, bila yeye kukitazama, na mboga ikawa inamwagika kwenye beseni. Huku anakuuliza shule zinafunguliwa lini, huku anamrudishia mwingine chenji ya nyanya. Ukimwomba akukatie nyembamba zaidi hakujibu, ila utasikia kisu kimeongeza kasi. Ukitaka kujua amefanya kazi hiyo kwa muda gani, tazama kile kidole gumba: ngozi yake imechorwa mistari midogo midogo, mingine ya zamani, mingine ya juzi, na hakuna hata mmoja ulioingia ndani.

Lakini leo nataka kukisifu kisu chenyewe. Wengi wa mama mboga hawakukinunua dukani. Kilitoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kipande cha msumeno wa kukatia chuma kilichotiwa makali upande mmoja, mpini wake ukiwa ni ukanda wa mpira wa tyubu uliozungushwa na kukazwa. Kinapotoka kwa fundi huwa kipana na kizito, na mwenyewe hakipendi. Hukipenda baadaye. Miaka ya kunolewa hukila kidogo kidogo hadi kikabaki chembamba kama jani la mkaratusi, tumbo limebonyea pale kinapokutana na mboga kila siku, ncha imeinuka. Umbo hilo hakulichonga mtu yeyote kwa kukusudia. Limetokana na mkono wa mwenye kisu, na mkono wa aliyekinoa, na jiwe. Vichanganye visu vya majirani watano kwenye beseni moja, na kila mmoja atachukua chake bila kubishana.

Kwetu mnoaji alikuwa akija mwisho wa wiki. Alisukuma baiskeli ya Black Mamba, akasimama katikati ya uwanja wa korti, ule unaozungukwa na nyumba, akaiinua juu ya stendi, akafunga ukanda kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye jiwe lililowekwa mbele ya usukani, kisha akakwea kitini na kuanza kukanyaga pedeli za safari isiyokwenda popote. Sauti yake ndiyo iliyowatoa watu majumbani: visu, makasi, panga! Kina mama walitoka na visu vilivyofungwa kwenye gazeti. Fundi cherehani alileta makasi yake mwenyewe, hakumtuma mtoto, kwa sababu makasi ya kukatia nguo hayatumwi. Sisi watoto tulikuja kwa ajili ya cheche.

Nilichokuja kukielewa ukubwani ni kwamba yule mtu alikuwa akisikiliza. Chuma kikigusa jiwe kwa pembe mbaya hulia, na yeye alikuwa akiinamisha kisu kidogo, akikigeuza, mpaka mlio ule ukashuka na kuwa wa aina moja kuanzia shina hadi ncha. Akimaliza kwa jiwe kubwa alitoa kinoo kidogo mfukoni, akakipaka mate, akapitisha mara chache kwa mkono ili kuondoa ule unyoya wa chuma unaobaki ukingoni. Kisha alijaribu makali kwenye ukucha wake. Kulikuwa na visu alivyovikataa, akasema vimekwisha, akivinoa tena atakuwa anawadanganya wenyewe. Alikataa hela kwa kazi ambayo angeweza kuifanya na hakuna mtu angejua. Uaminifu wa namna hiyo siku hizi tunaambiwa tuutafute kwenye semina.

Sasa hivi visu vinauzwa vikiwa vimepangwa kwenye kadi ya plastiki, mipini ya rangi ya waridi na kijani, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba kunoa ni hasara. Kikiwa butu kinatupwa. Na hata ukitaka kunoa, nani atakufikia? Korti za Buruburu zilizokuwa wazi zimefungwa kwa geti na mlinzi. Umoja na Kayole zimepanda juu, ghorofa sita, saba, na sauti ya mtu aliyesimama barabarani haifiki huko, hasa spika za matatu za nganya zikiwa zinapita. Mnoaji akifika getini anaulizwa anakwenda nyumba namba ngapi. Hana nyumba namba ngapi. Alikuwa anakwenda kwa watu wote.

Mmoja aliyeona kwamba visu vile havistahili kutupwa ni msanii Ngugi Waweru, wa kundi la Wajukuu Art Project kule Lunga Lunga, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru. Alivikusanya visu vilivyolika na kutengeneza navyo kazi iliyoonyeshwa mwaka 2022 mjini Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya documenta ya kumi na tano. Aliipa jina la methali ya Kikuyu, Kahiu kogi gatemaga o mwene: kisu kikali mno humkata mwenyewe. Wengi huisikia methali hiyo kama onyo kwa mtu mjanja kupita kiasi. Kwangu mimi, mbele ya visu vile, inasema jambo zito zaidi. Anayejinoa kila alfajiri ili apate kibarua cha siku katika viwanda vya Lunga Lunga Road anapata makali kweli, lakini kila anaponoa kuna kitu kinabaki kwenye jiwe.

Wajukuu walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa hapo hapo, Shabu Mwangi na wenzake, wakichora katikati ya mabati na moshi wa viwanda. Tangu zamani kazi yao haijawahi kuwa picha tu. Kuna watoto wanaokuja kufundishwa kuchora, kuna majirani, na kuna mazungumzo marefu kuhusu namna ya kuishi mahali ambapo jiji limepanga kupasahau. Hilo ndilo lililowafikisha Kassel. Maonyesho yale ya 2022 yalisimamiwa na ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Jakarta, ambao badala ya kukusanya majina makubwa walialika makundi, na wakayaweka yote chini ya wazo la lumbung, ghala la mpunga ambamo kijiji huweka ziada yake kwa ajili ya wote. Mtu wa Mukuru hahitaji kuelezwa hilo mara mbili, ana chama chake cha kuchangiana.

Jengo la documenta Halle lina uso wa vioo. Wajukuu waliufunika mlango wake kwa ujia wa mabati, wa giza, uliochukua umbo lake kutoka kwa nyumba za Wamaasai na kutoka kwa vibanda vya kwao. Kila aliyetaka kuingia kuona sanaa ilibidi kwanza apite Mukuru. Mwaka huo huo walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, iliyopewa jina la mtu aliyeanzisha documenta mwaka 1955.

Hapa siwezi kunyamaza. Mnamo Novemba 2021, miezi michache tu kabla ya mabati yale kusimamishwa Kassel na kupigwa picha na wageni, matingatinga yalikuwa Mukuru kwa Njenga, yakibomoa mabati yaliyo ndugu ya yale, ili barabara ipite. Maelfu ya watu walilala nje katika msimu wa mvua. Watoto walitafuta vitabu vyao chini ya vifusi. Sijui mtu wa kuziweka picha hizo mbili pamoja angezipa kichwa gani, lakini najua ni ipi kati ya hizo mbili iliyozungumziwa kwa fahari.

Wakati huo huo, majumba makubwa ya sanaa ulimwenguni yamekuwa yakirudi nyuma kuwatazama upya waliotangulia katika sanaa ya namna hii, sanaa ambayo mtazamaji haruhusiwi kutazama tu. Mwaka 2024 jumba la Tate Modern mjini London lilionyesha kazi za maisha ya msanii Yoko Ono, za zaidi ya nusu karne. Mwaka 1964 alikaa jukwaani Kyoto na kuwaachia watu makasi, waje mmoja mmoja wakate kipande cha nguo aliyovaa. Mwaka 1966 aliweka mezani vikombe vilivyovunjika, gundi na uzi, akawaomba wageni waviunganishe. Kazi hiyo ya vikombe naipenda mno, ingawa inanichekesha kidogo. Watu wazima wanapanga foleni kwenye makumbusho ili waruhusiwe kukarabati kikombe. Huku kwetu kulikuwa na mtu aliyeziba sufuria zilizotoboka, akatia mpini mpya kwenye karai, akashona kiatu kwa uzi wa tairi, na hakuna aliyemwita mshiriki wa kitu chochote.

Hata hivyo sitaki kumbeza Ono. Aliona mapema kwamba kuunganisha kitu kilichovunjika, mkiwa wageni mezani pamoja, ni tendo la kutafakari. Tofauti iko kwingine. Kazi zake nyingi zinaishi ndani ya maagizo. Alichapisha kitabu kizima cha maagizo mwaka 1964. Agizo linasafiri. Vikombe vipya vitavunjwa London, vingine Berlin, na kazi itakuwa ni ile ile. Lakini anayekata sukuma hana maagizo. Ukimwambia akuandikie jinsi ya kufanya atacheka, atakuambia njoo ukae hapa. Na ufundi wa Wajukuu nao ni wa kuja kukaa. Uko kwenye kiganja cha mtu fulani, kando ya mto fulani unaonuka, miongoni mwa watoto fulani, na ukiwatawanya hao kwa tingatinga hakuna karatasi ya kuurudisha.

Mji huo wa Kassel una kisa kingine kinachotuhusu. Mwaka 1982 msanii Joseph Beuys alianza kupanda huko miti 7,000, mingi yake mialoni, kila mti na jiwe lake kando, akisema kwamba jamii yenyewe ndiyo sanamu na kila mtu ni mchongaji. Alifariki mwaka 1986, na mti wa mwisho ukapandwa mwaka uliofuata. Vitabu vya historia ya sanaa vinamsifu, na anastahili. Miaka mitano kabla ya Beuys kuanza, tarehe 5 Juni 1977, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana kutoka jumba la mikutano la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, hapa hapa Eastlands, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Hapo ndipo lilipoanzia Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Sisemi Maathai alikuwa msanii. Yeye mwenyewe hakudai hivyo, na hakuhitaji. Nasema tu kwamba Kassel imeitunza mialoni yake ikajua ilikotoka, nasi ukipita Kamukunji leo ukamuuliza kijana anayepanga viatu vya mitumba miti ile iko wapi, atadhani unatafuta kituo cha basi.

Nairobi haikosi makumbusho. Mwaka huo wa 2022 Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilionyesha kazi za Sane Wadu za miongo kadhaa, yule mwalimu aliyeacha chaki, akavaa nguo alizozichora mwenyewe, watu wakamwita mwendawazimu, naye akawajibu kwa kujiita Sane. Lilikuwa jambo jema na lilichelewa. Maonyesho hayo yalifanyika kule Rosslyn, upande wa pili wa jiji. Kutoka Dandora unapanda gari hadi tauni, unapanda jingine la Limuru Road, na hela ya chakula cha mchana imekwisha. Lakini picha angalau zinabebeka. Zinatolewa kwa wenye nazo, zinafutwa vumbi, zinatundikwa kwa mpangilio wa miaka.

Siku wenye makumbusho watakapotaka kuwaenzi Wajukuu kwa namna hiyo, wataanzia wapi? Visu vitakuja, mabati yatakuja, filamu itawekwa kwenye chumba cha giza. Darasa la watoto haliwezi kuja. Mtoto aliyejifunza hapo kuchora uso wa mamake, akaja kuwa fundi wa magari Kariobangi Light Industries na mpaka leo anachanganya rangi ya gari kwa jicho bila kutazama chati, huyo ni kazi ya sanaa ya nani, na atapewa namba gani kwenye orodha?

Kwa hiyo labda tusisubiri makumbusho. Mitaa ya zamani ilijua kwamba mambo haya yanataka mahali. Kaloleni ilijengwa na ukumbi wake, Pumwani na ukumbi wake, na humo watu walijifunza ngumi, ushonaji, kwaya na siasa, mara nyingine katika wiki moja. Sasa baadhi ya mitaa ya zamani inabomolewa zamu kwa zamu ili minara ya nyumba za bei nafuu isimame. Sipingi watu kupata choo cha ndani; aliyepanga foleni ya choo cha nje alfajiri hawezi kupinga. Ila nilisimama mbele ya bango moja la mradi, lenye mchoro wa rangi wa jinsi mtaa utakavyokuwa, nikausoma wote kuanzia juu hadi chini. Palikuwa na maegesho ya magari, maduka ya chini, kamera za usalama, na nyasi ambazo mtu hawezi kuzikalia. Ukumbi sikuuona, nikamuuliza mlinzi wa mradi kama umewekwa nyuma, akaniambia nimuulize inginia, na inginia alikuwa hajaja.